Malengelenge ya Mashua

Haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Asiyeamini aje Matisi, Kitale, aulize. Akipata hata chembe moja ya uongo, nitalipa.

Kila asubuhi Chepngeno, msichana wa Gredi ya Sita, alishika kasia akawavusha wenzake bwawani hadi shuleni, Mwalimu Gladwell akiwa ameketi nyuma. Mashua ilikuwa ya faibaglasi. Aliyeitunza ni Mzee Kibe, mstaafu ambaye watoto walimwita Guka, yaani babu, na aliyependa kusimulia jinsi kiboko alivyomkimbiza hadi kileleni mwa Mlima Elgon, na kiboko ndiye aliyechoka kwanza. Kazi yake ilikuwa moja tu: kila Ijumaa, na kila shule inapofungwa, aitoe mashua majini, aipindue, ikauke.

Shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya Agosti, tumbo la mashua lilikutwa limejaa malengelenge, mengine kama punje za mahindi, mengine kama maparachichi. Mwalimu akauliza kulikoni. Mzee Kibe hakusita. Alisema ni Chepngeno, ameiburuta juu ya mawe muhula mzima, na mashua ni kama kisigino cha mtu: ukiichubua, inatoa malengelenge.

Watu waliitikia kwa vichwa. Nani hajawahi kuvaa viatu vipya? Basi mzee akaipaka mashua rangi ya samawati, kasia akapewa Kipkosgei, na Chepngeno akaamriwa kuzunguka bwawa kwa miguu, kilomita tatu nzima.

"Niaje, Kapteni Malengelenge?" Kipkosgei alimwita kila asubuhi akipita majini.

Chepngeno alilia, lakini kwa hasira. Ameiburuta lini, na kila siku waliibeba wanne wanne? Na kama ni mawe, mbona hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja?

Baada ya wiki mbili malengelenge yakainuka tena chini ya rangi mpya. Chepngeno akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Gladwell.

"Mwalimu, sijaigusa siku kumi za shule," alisema. "Sasa mawe yameipata wapi?"

Mwalimu alitoa simu. Akampigia Fundi Rosaline wa Myanga, kule Bungoma, mwanamke anayerekebisha matangi ya faibaglasi. Fundi alipofika, alitoboa lengelenge moja kwa patasi. Maji yenye harufu ya siki yakachuruzika.

"Hii si michubuko," alisema. "Lengelenge la mguu linaletwa na kusuguliwa. La mashua linaletwa na maji. Yanapenya polepole mashua ikikaa majini bila kukaushwa. Nani aliiacha humo?"

"Likizo yote mimi nilikuwa Bungoma kwa shangazi," Chepngeno alisema. "Guka, si wewe ulibaki nayo?"

Mzee Kibe akaanza habari za mamba aliyelalia kamba ya mashua. Hakuna aliyecheka. Mwishowe akakiri kwamba mgongo ulimuuma, akaona haya kuomba msaada, akaiacha bwawani. Hata hivyo alitaka mashua izibwe na kupakwa rangi siku hiyo hiyo, yaishe.

"Guka, wewe ni mkulima," Chepngeno alimkatiza. "Mahindi mabichi ukiyafungia kwenye gunia, si yanaoza? Ati mashua imejaa maji, na tuifungie kwa rangi tena?"

Fundi alisema mtoto amemaliza maneno yote. Malengelenge yakapasuliwa, yakasuguliwa kwa msasa, mashimo yakaoshwa kwa maji safi, na mashua ikawekwa kwenye banda lenye upepo. Kila Alhamisi walibandika kipande cha nailoni juu yake. Asubuhi wakikuta matone chini ya nailoni, walijua bado. Kwa wiki tano kila mtu alizunguka bwawa kwa miguu, Kipkosgei akiwa wa kwanza kulalamika. Siku nailoni ilipobaki kavu, Fundi aliziba mashimo kwa gundi ngumu, kisha akapaka rangi ya kuzuia maji.

Mwalimu Gladwell alimrudishia Chepngeno kasia mbele ya shule nzima, akamwomba radhi.

"Uongo ni kama yale maji," aliwaambia wanafunzi. "Ukiupaka rangi juu, utainuka tu. Nami nimejifunza kuuliza kabla ya kuadhibu."

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia. Lakini Chepngeno alizisoma karatasi hizi, akaweka kidole kwenye jina moja.

"Guka Kimotho," akaniambia, "Matisi nzima hakuna Mzee Kibe."

Haya. Mzee yule ni mimi. Nami ninalipa: asubuhi kumi nazunguka bwawa kwa miguu, kama alivyozunguka yeye. Leo ni ya saba. Akinipita na mashua hanitanii. Ananisalimia tu, "Habari ya asubuhi, Guka," kwa heshima zote, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mgongo.