Betri Kavu

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, kompyuta ya mzee ilikutwa mezani ikichuruzika maji. Binti yake, mwenye nyumba, hakuwa na muda wa ushahidi. Kufikia saa nne dada wa kazi alikuwa ameshaambiwa afunge virago, na fundi ameshaitwa.

"Umemwaga wewe?" fundi alimuuliza dada, aliyesimama mlangoni na begi lake.

"Nilikuwa naanika nguo nje, kaka. Nimeingia nikakuta maji, nikasema. Kusema kwenyewe ndiko kumeniponza."

"Nani mwingine?" alidakia mwenye nyumba. "Paka wa jirani?"

"Paka naye ana kesi ya kujibu," alisema fundi, "ila dirisha limefungwa."

"Mimi nilikuwa nimejilaza," alisema mzee, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Fundi aliigeuza kompyuta. Nafasi ya betri ilikuwa imelowa chapachapa. Betri yenyewe ilikuwa juu ya rafu, kavu kabisa. Aliipangusa kwa karatasi mara mbili. Karatasi haikushika hata tone. Akaikausha nafasi yake, akairudisha.

"Dada, hebu itoe."

Dada aliizungusha kompyuta, akatafuta kifuniko hata nyuma ya kioo. Mwenye nyumba akampokonya, akaishia kuvunjika ukucha. Fundi akawaomba wote wawili wakamtafutie taulo.

"Mzee," alisema walipotoka, "maji yakimwagika kwa bahati mbaya, betri hutolewa baadaye, nayo huwa imelowa. Hii ilitolewa kwanza. Humu ndani nimemfundisha mtu mmoja tu: zima, chomoa waya, toa betri."

Mzee aliipapasa kompyuta.

"Sikutaka ife. Picha za mama yao zimo humo."

"Sasa kwa nini?"

"Mwanangu wa kiume hunipigia humo kila Jumamosi saa nne, tukaonana. Wiki ya sita hii hajapiga. Napiga shati pasi, nakaa hapa naitazama. Umeme upo, intaneti ipo. Nilitaka kosa liwe la kompyuta."

Fundi aliona uchungu. Yeye mwenyewe aliishi peke yake, na alijua Jumamosi inavyoweza kuwa ndefu.

"Waambie imekufa," mzee alimwomba.

"Nikisema hivyo, dada wa watu anapoteza kazi."

Mzee alilitazama lile begi mlangoni kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Aliona aibu. Akasimama, akamwita binti yake.

"Dada hana kosa. Maji nimemwaga mimi, kwa makusudi."

"Baba? Kwa nini?"

"Kaka yako hapigi tena. Labda amebanwa na kazi. Labda hata namba zetu zimempotea."

Mwenye nyumba alilikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Hazijampotea, baba," alisema. "Huwa ananipigia mimi."