Mabua ya Shangazi

Kila asubuhi kabla ya shule, msichana na shangazi yake walipita shambani kuangalia kama mchwa wameanza kuyala mabua. Shamba lao halikulimwa. Baada ya mavuno Shangazi aliyalaza mabua ya mahindi juu ya udongo, na msimu ukifika alitoboa vishimo tu kwa kijiti akatia mbegu. Majirani walichoma mabua yao, kisha wakamwita dereva wa trekta awalimie. Dereva huyo hakuishiwa maneno. "Siku hizi uvivu nao unaitwa kilimo," alisema kila alipopita, na watu wakacheka.

Kicheko hicho kilimchoma msichana. Tangu Shangazi alipowaalika wakulima waje kuliona shamba lake, msichana alimwona dereva kila mahali. Mwenye trekta anapita kwa miguu kutafuta nini? Na mbona anasimama kwenye ua wa shamba lao, anatazama chini?

Siku moja kabla ya wageni kuja, walikuta sehemu ya mteremko iko wazi, mabua yamezolewa. Mvua ya usiku ilikuwa imeushusha udongo wa hapo hadi mtaroni. Wageni wakiona vile, nani angemsadiki Shangazi?

"Ni dereva," msichana alisema. "Ameyazoa akayachoma ili uaibike. Watu wakikufuata wewe, nani atamwita alime?"

"Umemwona?"

"Sijamwona, ila dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu mengine hupita tu, mwanangu. Usimtaje mtu mpaka tujue."

Msichana hakutulia. Alifuata mabua yaliyodondoka njiani hadi nyuma ya nyumba ya dereva. Alitarajia kuona majivu. Badala yake aliona kishamba kilicholimwa, na dereva amechuchumaa, anayapanga mabua ya Shangazi juu ya udongo.

"Usimwambie mtu," dereva alisema kwa sauti ya chini. "Ya kwangu niliyachoma. Mvua ikinyesha, udongo wote unaondoka."

Msichana alikimbia kumwita Shangazi, naye akaja.

"Ungeomba, jirani, ningekupa."

"Niliona aibu, mama. Nimekucheka mno."

"Basi kesho simama pale palipomomonyolewa na mvua, uwaambie wenzako ulichukua nini na kwa nini."

Kesho yake dereva alisimama, kofia mkononi, akasema yote. Kisha akainua mabua upande uliofunikwa, akawaonyesha udongo mbichi na minyoo yake. Hakuna aliyecheka. Wawili watatu waliahidi kutochoma tena mabua yao.

Jioni msichana alijisifu kwamba alimjua mwizi.

"Mwizi ulimjua," Shangazi alisema, "lakini nia yake uliitunga mwenyewe. Ungemtangaza jana kwamba anataka kuniaibisha, watu wangekuamini, na huo ungekuwa uongo. Mtu tunaweza kumwomba radhi, akasamehe. Lakini neno likishatoka halirudi, kama udongo ukishaingia mtaroni. Kwa hiyo udongo tunaufunika mapema, na mdomo nao tunaufunga mpaka tujue."