Bega la Kushoto la Mke Wangu

Haya ni kweli tupu. Anayebisha alete kitambaa, nitamshonea suti huku nimefumba macho.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Siku hizi nina mteja mmoja tu, mke wangu. Mwaka huu kila gauni nililomshonea lilikaa upande. Nikafumua, nikashona tena, wapi. Akasema mikono yangu imezeeka. Neno hilo lilinichoma kuliko sindano.

Siku moja nikampima upya. Bega la kushoto lilikuwa limezidi. Nikagusa. Palikuwa na uvimbe mkubwa kama boga, majirani wakipumzika kivulini mwake.

"Mikono yangu mizima," nikasema. "Hiki ni nini?"

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Kumbe aliuficha kwa mtandio tangu mwaka jana, akidhani ni saratani.

"Sikutaka ukose usingizi, baba."

Utani wote ukanikauka mdomoni.

Nikaona niufunge uvimbe huo kwa uzi imara, udondoke wenyewe. Jirani yetu muuguzi akanikuta nachagua rangi ya uzi. Akaniamuru nirudishe uzi kwenye kopo lake, maana kufunga au kukata uvimbe nyumbani huleta damu na usaha. Akaubonyeza taratibu.

"Unauma, mama?"

"Hauumi."

"Ni laini, unateleza chini ya kidole, na umekua polepole. Mara nyingi huu ni uvimbe wa mafuta tu, si saratani. Lakini vidole vyangu havitoshi. Twende kwa daktari."

Daktari naye alidhani hivyo. Kwa kuwa mkanda wa mkoba ulikuwa unausugua, akampiga sindano ya ganzi, akautoa. Nilikagua mshono wake, ningemwajiri. Kipande kikaenda maabara kutazamwa kwa hadubini. Siku ya majibu mke wangu alinibana kiganja hadi kikafa ganzi. Ndani yalionekana mafuta ya kawaida, yamezungukwa na utando mwembamba. Si saratani. Nilicheza mpaka paa likahamia kwa jirani.

Muuguzi akatueleza kwamba vinyama vinavyoning'inia shingoni, na madoa mengi ya uzeeni, havina neno. Ila tusichelewe kuona daktari uvimbe ukiwa mgumu au ukikua haraka, baka likibadilika rangi, kingo zake zikiwa hazilingani, likitoa damu, au kidonda kikikataa kupona.

Gauni jipya limemkaa sawasawa. Mimi, nashukuru, mwili wangu hauna hata kipele.

Mke wangu amesoma hapo juu, amesimama nyuma yangu.

"Boga? Ulikuwa kama ndimu." Kisha akainua shati langu. "Na hili baka jeusi la mgongoni, mzee, umemwachia nani?"

Nikamwambia ni alama ya radi iliyonipiga ujanani. Hakucheka. Akaniletea viatu.

Mistari hii ya mwisho naiandika kwenye benchi la zahanati. Mbele yangu amebaki mgonjwa mmoja. Mke wangu amekaa upande wa mlango, na mkono wangu ameushika.