Mkono wa Tatu

Jambo la mwisho la kawaida siku ile ni dada yangu kunicheka. Ilikuwa jioni, nami nimerudi kutoka dukani na kopo la dawa ya kunyoosha nywele.

"Kaka, na shahada zako zote, kichwa cha mtoto kimekushinda?"

"Kesho wanapigwa picha shuleni. Hawezi kwenda na hizo nywele timtim."

"Mama yake alikuwa anazilowesha, anapaka mafuta, anazisokota, basi. Mbona zilikuwa zinatulia?"

Akaenda zake jikoni.

Mke wangu alikuwa amefariki miezi minane kabla ya hapo. Binti yetu wa miaka saba alirithi nywele zake: nyingi, kavu, zinatimka kila upande.

Nilimketisha bafuni kwenye kigoda, nikavaa glavu. Bakuli mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia. Dawa ilinuka kali, macho yakaniwasha.

"Baba," alinong'ona, macho ameyafumba, "mkono wako una baridi."

"Mkono upi?"

"Huu ulio kichwani."

Nilitazama mikono yangu. Yote miwili ilikuwa imeshika vitu.

Kisha nikasikia chanuo... kwaru... kwaru... polepole, kuanzia nchani, kama linavyopita kwenye nywele mbichi. Nilimketisha akiwa na kichwa kikavu. Sasa maji yalimtiririka shingoni, na harufu ya dawa ilikuwa imekatika. Palinukia mafuta ya mke wangu.

Nywele zikajigawa. Mstari mmoja, ulionyooka, kutoka utosini hadi kisogoni. Fungu la kwanza likajisokota. La pili likafuata.

Nilirudi nyuma hadi ukutani.

"Baba... Mama anauliza."

"Anauliza nini?"

"Kama na mimi unanionea aibu."

Bakuli likaniponyoka.

Jambo hilo tulilijua wawili tu. Siku ya mahafali yangu nilimwambia mke wangu anyooshe nywele, la sivyo abaki nyumbani. Dawa ikamchubua ngozi ya kichwa. Alikuja amejifunga kitambaa, akanipigia makofi.

Dada yangu aliposikia kishindo akaja mbio. Alikuta nywele zimesokotwa zote, zimetulia. Alisema labda mtoto kajisuka mwenyewe, vidole vya watoto vinajifunza haraka. Labda. Lakini hata yeye aliugusa ule mstari ulionyooka kisogoni, na usiku huo hakuzima taa ya chumbani kwake.

Asubuhi, nikimfunga kamba za viatu, binti yangu aliniuliza, "Mama ulimwonea aibu?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema ndiyo, nikaanza kumsimulia ya mahafali. Nilipofika kwenye kitambaa, nikasita.

Akatazama juu ya bega langu, kama anayesikiliza.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikamwambia kwamba wenzangu walipouliza yule mwanamke ni nani, nilijibu kuwa ni jirani.