Mwambie Blandina Nimeacha

Siku ya mnada Karatu hapakosi kioja, na siku hiyo kioja kilikuwa Patrisi Qamara. Mwaka wenyewe sabini na tisa, vita imeisha, madukani hamna sabuni wala sukari, lakini mnadani watu wamejaa utafikiri wanagawiwa. Jamaa anakatiza kati ya mbuzi na marobota ya vitenge, bugaluu ya bluu imeishia juu ya vifundo, afro kichwani, macho mbele. Na mbele kwa mtu wa urefu ule ni hewani tu. Kamba hakuiona. Akaivuta kwa shingo, turubai zima likaja chini, likafunika cherehani, fundi, na mama mmoja aliyekuwa anapimwa gauni.

"Nani kaangusha mbingu?" sauti ikatoka chini ya turubai.

"Samahani dada. Ni mimi."

"Mimi nani?"

Fundi akachomoza. Blandina huyo, gauni la tetroni la njano alilojishonea mwenyewe, futi shingoni, vumbi puani. Akaanza kumwangalia kwenye viatu, akapanda magoti, akapanda mkanda, akaendelea kupanda mpaka shingo ikamuuma.

"Wewe ni mtu au nguzo ya simu?"

"Patrisi. Wa Buger. Nacheza mpira wa kikapu Arusha, timu ya shirika."

"Na mtu unalipwa kwa hiyo?"

"Nimeandikwa karani. Ila meza yenyewe sijawahi kuikalia."

"Haya karani, nisimamishie turubai langu. Wewe huhitaji ngazi."

Akalisimamisha. Blandina akamchungulia miguuni.

"Hiyo suruali umemwazima mdogo wako?"

"Za dukani zinaishia hapo."

"Simama nikupime."

Akaanzia begani kwenda chini. Futi ikafika mwisho, kiatu bado kiko mbali. Yule mama wa gauni akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

"Futi yangu imekwisha, wewe hujaisha," Blandina akasema. "Kitambaa cha bluu sina, nitakuungia hiki cha pazia."

"Hicho kina maua mekundu, dada."

"Huko chini nani atakuona? Watu wote wanakuangalia kichwa, Twiga."

Basi ndiyo ikawa hivyo. Alirudi Arusha na bugaluu yenye maua miguuni, wenzake wakamtania mpaka wakachoka, na yeye hakuivua. Mnada uliofuata akaja tena, eti kifungo kimelegea. Kifungo gani, hata yeye hakijui.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu. Duka la mzee Wilibrodi ndilo lilikuwa na simu, ile ya kukoroga, na kila Jumamosi jioni Blandina anakaa kwenye benchi la nje, kajipaka mafuta, kavaa utadhani simu ina macho.

"Haloo, fundi wangu."

"Haloo, Twiga. Umekula?"

"Nimekula pointi thelathini."

"Pointi zinashibisha? Utacheza mpaka lini, Patrisi? Majani yataniotea kwenye benchi la watu."

"Mwakani, mpenzi. Mwakani."

Siku moja Blandina akaenda Arusha kumwona uwanjani. Akakaa jukwaani na mwavuli wake, hajui hili wala lile, ila kitu kimoja alikishika: kocha, mzee mmoja mnene, alikuwa anampigia Patrisi kelele mchezo mzima. Achia! Achia!

"Yule mzee anataka uachie nini?" akamuuliza baadaye, wanakula mahindi ya kuchoma.

"Mpira. Niutoe mkononi mapema. Anasema nikikaa nao sana nanyang'anywa."

"Kumbe hujui kuachia."

"Nikishashika kitu, vidole vinagoma. Lete mkono wako uone."

Akauleta. Vidole vikagoma kweli, mahindi yakapoa.

Mwakani ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Halafu mashindano ya Dar. Patrisi aliruka kudaka mpira, akatua vibaya, goti likalia kama kuni kavu, watu wa viti vya nyuma wakasikia. Plasta mpaka kwenye nyonga. Daktari akamwambia, bwana mdogo, kutembea utatembea, kuruka sahau.

Sasa hapo ndipo alipoharibu. Hakupiga simu. Aliona haya. Nitamwambia nini? Nimelala kitandani kama gunia, kazi yenyewe ukarani ambao siujui? Akasema moyoni, ngoja kwanza nipate kitu cha kumshikisha. Jumamosi ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Huku Karatu Blandina anakaa benchini na mafuta yake, giza linaingia, mzee Wilibrodi anafunga duka taratibu, anamwonea huruma. Dada yake, Antonia, akampasulia.

"Wachezaji wale, kila mji wana mwenyewe. Wewe ulifikiri uko peke yako?"

Jumamosi moja Blandina akasema basi, leo siendi. Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo Patrisi akapiga.

Alipiga na furaha, masikini. Yule kocha mnene alikuja kumwona, akakaa kitandani mpaka kitanda kikalalamika, akamwambia: goti limeisha, macho hayajaisha. Njoo unisaidie kufundisha vijana, ukijua kazi utachagua mwenyewe pa kwenda. Patrisi akaona hiyo ndiyo njia ya nyumbani. Akajikokota na magongo mpaka posta. Ila Karatu mvua inapiga bati, na waya unakwaruza.

"Mzee, Blandina yupo?"

"Hajaja leo."

"Mwambie Blandina nimeacha!"

"Nini?"

"Nimeacha! Nimeacha kabisa! Ataelewa mwenyewe, na sasa nita..."

Simu ikakata.

Mzee Wilibrodi ni mtu mwaminifu. Akiambiwa neno hulifikisha hivyohivyo, haongezi wala hapunguzi. Akavaa koti la mvua, akaenda mpaka barazani kwa akina Blandina.

"Mwanangu, Patrisi kapiga. Amesema ameacha."

Cherehani ikasimama.

"Ameacha?"

"Ameacha kabisa. Amesema utaelewa mwenyewe."

Blandina akakata uzi kwa meno. "Nimeelewa, mzee. Akipiga tena, sema nimehama."

Akapiga tena, Jumamosi iliyofuata. Mzee akasema vilevile alivyoagizwa.

"Amesema niseme amehama."

Patrisi akashika ile simu muda mrefu, imeshakata, imekuwa mti tu. Akawaza, kumbe. Kumbe alikuwa anampenda mchezaji. Aliyeacha mpira hamtaki. Na yeye ana kiburi chake, hakupiga tena.

Mwaka themanini na mbili shule moja ya Karatu ikatafuta mwalimu wa michezo. Patrisi sasa ni kocha kamili, filimbi shingoni, mguu mmoja unachechemea. Akajiambia anaenda kwa ajili ya kazi tu. Akapanda lori la maharage, akafika Jumamosi usiku, asubuhi akaenda misa. Nguo safi aliyokuwa nayo ni moja, ile bugaluu. Akasimama nyuma, maana akisimama mbele watu hawaoni altare.

Misa inaisha, padri akafungua matangazo ya ndoa.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Piusi wa hapa Karatu, anayefanya kazi Ngorongoro, na Blandina wa parokia hii. Mwenye kujua kizuizi chochote, aseme."

Blandina alikuwa ameinamisha kichwa kama wanavyofanya wachumba. Akageuza macho pembeni kidogo, chini kule kwenye viatu vya watu, na akaona maua mekundu ya pazia.

Nje watu wanasalimiana. Blandina akamfuata Patrisi mpaka kwenye uzio.

"Suruali bado ipo," akasema. Salamu yenyewe ndiyo hiyo.

"Maua yamefifia kidogo. Hongera, Blandina."

"Wewe usinipe hongera. Mtu unamwacha mwenzio kwa simu, unamtuma mzee wa duka?"

"Nani kaacha mtu?"

"Mwambie Blandina nimeacha. Hukusema?"

"Nilisema."

"Basi."

"Niliacha mpira." Akashika goti. "Mpira, Blandina. Goti lilikatika. Nilikuwa narudi nyumbani."

Mama mmoja akapita, akamshika Blandina bega. "Bibi harusi, hongera mwanangu." "Ahsante, mama," akajibu, sauti inatoka mbali. Mama akapita.

"Mbona hukusema mpira?"

"Kwani nilikuwa na kitu gani kingine cha kuacha?"

Blandina akafunika mdomo kwa kanga. Machozi yakaja, akayafuta harakaharaka kabla watu hawajaona.

"Padri hajaondoka," Patrisi akasema. "Niende nikamwambie?"

Blandina akaangalia upande wa barabara. Piusi alikuwa amesimama kando ya Landrova ya kazini, kashika mkoba wa mama mkwe, anacheka na watoto. Mtu mfupi, mpole, dereva wa watalii enzi ambazo watalii wenyewe hawaji.

"Yule alinikuta nimekaa chini, Patrisi. Hakuniuliza nani kanikalisha. Alikaa na yeye. Siwezi kumfanyia kile nilichodhani umenifanyia."

"Unanipenda?"

"Usiniulize hapa."

"Nikuulize wapi?"

"Usiniulize."

Blandina akajaribu kutabasamu, tabasamu likaishia nusu. "Piusi ananiambia kreta ya Ngorongoro ina kila mnyama. Tembo, faru, simba. Twiga tu ndio hawashuki."

"Miguu haiwezi ule mteremko."

"Ndivyo anavyosema."

Blandina akaondoka. Patrisi hakwenda kwa padri.

Jumamosi ya harusi alikuwa kiwanjani na wasichana wa shule. Ubao wa mninga, ringi la chuma la pipa, vumbi jekundu. Kuna mmoja anaitwa Sakaya, wa Piyaya, mrefu, mikono mizuri, lakini mpira akishaupata anaukumbatia kama mtoto mchanga.

"Achia, Sakaya. Ukikaa nao sana watakunyang'anya."

Barabarani honi zikaanza. Landrova imefungwa maua, vigelegele, vumbi, inapanda kwenda getini Ngorongoro. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Blandina kavaa gauni jeupe la mkono wake mwenyewe, na hakuangalia juu ulipo uso wa mtu. Aliangalia chini, kwenye miguu ya Patrisi, mpaka kona ikamchukua.

"Achia," kocha akasema.

Vumbi likatanda, honi zikawa ndogo.

"Achia," akasema tena, polepole.

Wasichana wakaangaliana. Sakaya alikuwa ameshaachia zamani. Mpira umepita kwenye ringi, uko chini, unadunda peke yake kuelekea barabarani.