Disketi Juu ya Redio

Asubuhi hiyo Aoko aliunguza uji, wala hakujali. Printa ilikuwa imefika! Ilikaa mezani nyumbani kwake mtaa wa Pasiansi, na kila jirani aliyepita alitaka kuigusa.

Kazi ya Aoko ilikuwa kuchapa. Ndani ya kompyuta yake ya mtumba mlikuwa na simulizi ya baba mkwe wake, Mzee Otuoma. Mzee alimsimulia maisha yake ya uvuvi ziwani, naye Aoko akayaandika yote humo. Sasa mzee alikuwa amefariki. Jumamosi ndugu wangekuja kutoka Mara kumkumbuka, na Aoko alikuwa amemwahidi kila mmoja nakala.

Lakini kompyuta haikuitambua printa. Ilihitaji mfumo mpya, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta nzima. Jirani yao Odeta, aliyefundisha kompyuta mjini, akaja nao.

"Weka basi, mdogo wangu!" Aoko alisema huku akipiga makofi.

"Ngoja kwanza, dada Aoko. Kubadili mfumo ni kama kujenga nyumba upya. Vyombo unavitoa nje kwanza. Kazi ikiharibika, vyote vya ndani vinaweza kufutika. Una nakala ya akiba?"

"Ninayo! Iko kwenye disketi."

"Hebu tuone kama inafunguka."

Ojuok, mume wa Aoko, akacheka. "Dada Odeta, nakala ni nakala! Wewe fanya kazi, tuone hiyo printa."

Aoko akaenda sebuleni. Disketi ilikuwa mahali pa heshima, panapowekwa kila kitu cha thamani katika nyumba ile: juu ya redio kubwa, chini ya kitambaa cha kufuma. Odeta akaiingiza. Kompyuta ikakoroma, ikakoroma tena, halafu ikaandika kwamba disketi haisomeki.

Aoko akaanza kulia. Kidogo tu wangempoteza mzee mara ya pili.

"Uliiweka wapi?" Odeta akauliza.

"Juu ya redio."

"Ndiyo maana! Spika ya redio ina sumaku, na sumaku huharibu disketi. Lakini usilie. Hatujagusa kitu. Simulizi bado imo ndani ya kompyuta."

Ojuok hakucheka tena. Alikwenda mwenyewe dukani kununua disketi mpya mbili.

Aoko akanakili simulizi kwenye ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Wakazipeleka nyumbani kwa Odeta, wakazifungua kwenye kompyuta yake. Aoko akasoma kwa sauti: "'Siku hiyo nilivua sangara mkubwa kuliko mtumbwi wangu.' Yupo! Mzee yupo!"

"Moja ibaki hapa kwangu," Odeta alisema. "Kwenu kukivuja au mwizi akiingia, hii itakuwapo."

Waliporudi kwa Aoko, ndipo Odeta akaifuta kompyuta ile na kuweka mfumo mpya. Skrini ikawaka rangi za kupendeza, lakini ndani mlikuwa mtupu. Aoko akaingiza disketi. Simulizi ikarudi yote! Printa ikaanza kulia na kutema karatasi, na Ojuok akacheza katikati ya chumba.

Jumamosi ndugu walijaa uani. Mjane wa mzee hakujua kusoma, hivyo Aoko alimsomea. Alipofika kwenye sangara mkubwa kuliko mtumbwi, mama mkwe akainua mkono.

"Uongo mtupu! Samaki huyo nilimpika mimi. Hata hatukushiba!"

Wote uani wakaangua kicheko. Mama mkwe naye alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ni yeye kabisa," alisema. "Endelea, mwanangu."

Jioni Aoko aliongeza maneno ya mama mkwe mwishoni mwa simulizi. Akaichukua disketi iliyokuwa kwa Odeta, akanakili upya kwenye zote mbili, akazijaribu, na moja akaipeleka kwa Odeta bila kukumbushwa. Nyingine akaifungia kabatini.

Juu ya redio, kwenye kitambaa cha kufuma, sasa imewekwa picha ya Mzee Otuoma. Picha haina ugomvi na sumaku.