Mkaja wa Hind

Daktari yule alikuwa ameshika matumbo ya wanawake kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini hili la Hind alilishika mara moja tu akaurudisha mkono. Akauangalia mkono wenyewe, akaufuta kwenye koti lake jeupe, kisha akacheka kidogo kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

"Unasikia baridi?" alimuuliza.

Baridi ya wapi? Ilikuwa Februari ya mwaka 2003, Dar es Salaam imechemka, na feni ya chumba kile ilikuwa inazungusha joto tu. Jasho lilimtiririka Hind mgongoni. Lakini alipoweka kiganja chake mwenyewe chini ya kitovu, aliona kweli. Mwili wote wa moto, tumbo peke yake baridi, kama mtungi uliowekwa kivulini. Akajiambia ni woga, akavuta nguo yake akajifunika.

Daktari alikuwa Mhindi anayekuja nchini mara mbili kwa mwaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, ila alieleweka. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, atamtoboa matundu madogo, aingize mrija, ayafyonze mafuta. Baada ya siku mbili Hind anarudi kwao Unguja kwa miguu yake. Ya pili, atamchana kutoka nyonga hii mpaka nyonga ya pili, aikate ngozi iliyolegea aitupe, akaze misuli iliyoachana, kisha amtengenezee kitovu mahali pake. Hiyo ina kovu la maisha na wiki kadhaa za kutembea ameinama.

"Wewe mafuta kidogo, ngozi nyingi," alisema. "Mimi nikifyonza tu, mfuko itabaki. Fikiri. Wiki ijayo nipe jibu."

Neno mfuko lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Hind alikuwa amezaa mara nne, na uzazi wa mwisho, wa Anuar, miaka saba nyuma, ulikaribia kumuua kwa kutokwa na damu. Tangu hapo tumbo lilikataa kurudi. Akienda harusini wanawake wanampapasa na kumuuliza, "Huo mwezi wa ngapi, bibi?" Yeye hucheka nao, akirudi nyumbani hujifungia chooni akalia. Hamed, mumewe, alikuwa kazini Muscat, na kwenye simu alisema neno moja tu: fanya litakalokupa raha. Uamuzi ukabaki wa Hind.

Wa Hind na wa dada yake, tuseme. Wakiishi nyumba moja mtaa wa Malindi, Unguja, Hind juu, Da Zeyana chini. Zeyana ndiye mkubwa, na tangu mama yao afe ndiye aliyekuwa mama. Hind hajavua hata buibui la safari, dada keshamshika mkono.

"Ushaamua?"

"Bado, dada. Ila nnaona bora nikatwe, yaishe."

"Usithubutu!" Machozi yalimtoka Zeyana papo hapo. "Uchanwe kama nguru wa sokoni? Nlishakuona umelala kwenye damu mara moja, mara ya pili siwezi. Wakufyonze tu, mdogo wangu. Nnakuomba."

Hind alilia naye. Nani mwengine duniani aliyemwonea uchungu kiasi kile?

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, watoto wakiwa chuoni kusoma Kurani, Hind alijinyoosha kitandani. Mji ulikuwa kimya kwa joto. Akasikia mtu anakunywa kahawa. Alikuwa anaivuta kwa sauti, funda baada ya funda, kama wafanyavyo watu wazima kahawa ikiwa ya moto sana. Akadhani ni jirani. Kisha harufu ya udi ikamjia, na yeye alikuwa hajafukiza udi tangu Ijumaa. Aliinuka akachungulia dirishani, akachungulia ngazi, akarudi kitandani, na ndipo alipotambua kwamba kila alipokwenda ile sauti ilikwenda naye, haikuwa ngazini wala dirishani, ilikuwa chini ya kanga aliyojifunga, ndani ya ule mkunjo wa tumbo lake uliokuwa baridi na sasa ukichezacheza taratibu kama unaopumua, ikameza funda la mwisho, ikashusha pumzi, ikasema kwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba:

"Usiwaache wakanikata."

Hind alishuka ngazi bila ya kujua anakanyaga wapi. Akamkumbatia dada yake, akanong'ona, "Da Zeyana, tumboni mna mtu. Kasema."

"Shh! Kasema nini?"

"Kasema asikatwe."

"Basi si umesikia mwenyewe?" Zeyana naye alinong'ona, macho yakikimbilia mlangoni. "Mwambie daktari afyonze, yaishe. Usimchokoze."

Hakuuliza ni nani. Hind alilikumbuka hilo kesho yake, akiwa njiani peke yake kwenda mtaa wa Ng'ambo kwa Bi Mwatima.

Bi Mwatima alikuwa mganga, Mtumbatu wa kuzaliwa, mwanamke mfupi asiyekuwa na maneno mengi. Alitia ubani kwenye chetezo, akamlaza Hind mkekani, akaweka mkono juu ya tumbo. Yeye hakuurudisha. Aliuacha pale mpaka midomo yake mwenyewe ikaanza kutetemeka.

"Huyu hakukuvamia, mwanangu. Huyu kaletwa. Mama yako alikuwa na mgeni?"

Hind alijua. Kila Alhamisi mama yao alikuwa akijifungia na udi na kahawa isiyo sukari, na wao watoto wakiambiwa wasigonge. Mama alikufa miezi miwili kabla Anuar hajazaliwa.

"Jini la nyumba hurithiwa na binti mkubwa," alisema Bi Mwatima. "Binti mkubwa n'nani?"

"Dada yangu."

"Na ulipojifungua, nani aliyekufunga mkaja?"

Hind alikumbuka. Mkaja, ile nguo anayofungwa mzazi tumboni siku arubaini ili tumbo lirudi, alikuwa amefungwa na Da Zeyana. Na haikuwa kanga. Ilikuwa kaniki nyeusi, kuukuu, inanuka udi. Nguo ya mama. Yeye akiwa hoi kwa kupoteza damu, aliona ni baraka.

"Mzazi mbichi yu wazi kama nyumba isiyo na komeo," alisema Bi Mwatima. "Kakufungia huyu kwa nguo yake mwenyewe. Ndiyo mana tumbo halirudi. Kakaa kwenye ngozi, pale ilipopita nguo."

"Wakinifyonza mafuta?"

"Watampanulia chumba."

"Wakiikata ngozi?"

"Atatoka. Atamrudia aliyekuwa wake tangu mwanzo. Lakini kwanza itafute ile nguo uichome, maana jeraha nalo ni mlango."

Hind alimkuta Zeyana uani, anapepeta mchele. Kawthar, bintiye wa pekee, mwenye miaka sita, alikimbia akamdandia mama mdogo shingoni kama kawaida yake. Hind alimbusu, akamtuma dukani, akangoja mpaka mlango ufungwe.

"Dada, ulinifunga na nini?"

Ungo ulisimama. Zeyana hakukana.

"Huyo jini alinijia, mama hajatimiza hata arubaini," Zeyana alisema kwa sauti ndogo. "Akanambia akikaa kwangu hatoniachia mtoto. Miaka tisa nlikuwa nnatafuta mtoto, Hind. Wewe ulikuwa unamzaa wa nne."

"Na mwaka ule ule ukampata Kawthar."

"Mwaka ule ule."

"Na machozi ya juzi? Nisikatwe, nifyonzwe tu?"

Zeyana aliangalia mchele.

Hind aliona heri jini. Jini halikumwita mdogo wangu, halikumpigia uji wa pilipili manga, halikukaa naye usiku kucha kumfuta jasho. Kwa miaka saba alikuwa akimshukuru mtu aliyemgeuza pango. Alitamani kumpiga, na mikono ikakataa.

"Nguo iko wapi?"

"Nliitupa baharini zamani. Wallahi, Hind."

Akamwamini. Mtu amtilie shaka dada yake kwa jina la Mungu, aende wapi?

Siku mbili hakula vizuri. Akimuona Kawthar anaruka kamba, moyo unamwambia afyonzwe, aliachie jini nyumba yake, lisije likamrudia mama wa mtoto. Akilishika tumbo lake, moyo unakataa. Mwishowe alimpigia daktari simu: akatwe.

Zeyana alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema tu, "Basi nakwenda na wewe. Nani atakayekuosha kule, manesi? Niachie nilipe japo kwa hilo." Walivuka pamoja. Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji Zeyana aliubusu mkono wa Hind. "Nisamehe," alisema. "Nshakusamehe," Hind alijibu, na ilikuwa kweli, kifua kilimkunjuka wakati ule ule.

Alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi, jua lilikuwa la alasiri. Maumivu yalikuwa makali, lakini aliupeleka mkono chini ya shuka, akakuta sawa. Bapa. Alilia kwa furaha.

"Hongera, mama," alisema nesi. "Dada yako ana mkono mwepesi! Tulipoleta mkanda wa kubana akasema kwenu mtu hufungwa kwanza nguo ya mama yake. Kaifunga mwenyewe juu ya bendeji, sisi tukaweka mkanda juu."

Hind aliinua shuka. Kwenye ukingo wa mkanda mweupe kilichomoza kipande cha kaniki, upana wa kidole.

"Yuko wapi?"

"Kawahi boti. Kasema ana mtoto mdogo nyumbani."

Hind aliukamata mkanda akaanza kuung'oa, na nesi akamdaka mikono akimwambia wiki sita haufunguliwi huo, mama, utaachia mishono, tulia, ni dawa tu inakuchanganya, akamwita mwenzake aje na sindano, na Hind akijitupa huku na huku na viungo visivyomtii, akisikia usingizi unampandia kutoka miguuni, alipiga ukelele wa mwisho aliokuwa nao, akimwita yule aliyekuwa akimwita kila alipoogopa tangu utotoni:

"Da Zeyana! Da Zeyana!"

Manesi hawakusikia kilichofuata. Chini ya mkanda, bila ya haraka, mtu aliitika.

"Naam."